Siku Niliyofunza Kemia Kichwa Chini

Haya wenzangu wa hapa barazani, wekeni vikombe chini kwanza, maana kahawa itawatoka puani. Aibu hii nimeifungia mwaka mzima na leo naitoa kwa hiari yangu, bora mnicheke nikiwaona kuliko mnicheke nikishapita.

Mimi, mwajua, ni mpishi pale sekondari, njia ya Dabaso. Jiko langu na darasa la kemia ni ukuta mmoja, wenye matundu ya hewa, basi miaka tisa nasonga ugali huku namsikiliza Madam Sidi akifunza (sauti yake, naapa, hata moto wanyamaza). Masikio yangu yamefika kidato cha nne. Macho hata chekechea hayakukanyaga, maana kwetu mbuzi walikuwa wengi na mchungaji mimi. Kengele ikilia, moyo wasimama uende darasani, kisha nauona mwiko mkononi.

Siku hiyo Madam aliagiza sahani ya chumvi awaonyeshe wanafunzi. Nikaipeleka. Madam hayupo, kaitwa ofisini, na ile chati kubwa ya elementi imeanguka chini. Mimi na huruma zangu nikaiokota, nikaitundika. Ningetoka hapo, msingekuwa na la kunicheka. Lakini Dama, kiongozi wa darasa, akanitania, "Shikamoo mwalimu!" na darasa zima likasimama. Jamani, mimi sijawahi kusimamiwa hata na kuku!

Nikashika fimbo ya Madam. "Ketini," nikasema (sauti sijui niliitoa wapi). "Klorini ni bwana harusi, ukweni wamemtaka mitungi minane ya pombe ya mnazi, naye anayo saba. Harusi haiendi! Jirani yake Sodiamu ana mtungi mmoja huko nje, wamsumbua, ataka kuutoa hata leo. Basi ampa. Mmoja katoa, mwenzake kapokea, washikana kama pweza na jiwe, na kilichozaliwa ndicho hiki!" Nikatupa chumvi mdomoni.

Wakacheka mpaka madawati yakatembea. Nami nikajua nimewakolea, nikazidi, nikawaonyesha sodiamu kwenye chati vile Madam husema kila siku, safu ya kwanza kushoto, hesabu tatu kutoka juu, nikagonga, "Huyu hapa!" Wakalala sakafuni. Machozi yao yangejaza debe.

Kumbe Madam kasimama mlangoni zamani.

"Karisa," akasema polepole, "hayo ya mitungi ni sawa kabisa, tena nitayaiba. Lakini hebu nisomee hapo ulipogonga."

Nikaitazama ile herufi. Herufi nayo ikanitazama. Jasho likateremka mpaka ndani ya viatu.

"Umeitundika kichwa chini, mzee," Dama akaninong'oneza, na darasa likanyamaza, maana hapo ndipo wote walipojua kuwa sijui kusoma. Kicheko nilikiweza, kimya kile ndicho kilichoniua. Nikaapa palepale sitashika tena fimbo mbele ya herufi nisizozijua.

Nikageuka nitoke. Madam akanishika mkono. "Usiende. Wataka kusoma?"

Nikaitikia kwa kichwa tu, kama mtoto. Dama akajisogeza kwenye benchi, akapangusa mahali kwa kiganja. Nafasi yenyewe yanitosha kabisa, hadi leo naiona. Nikapiga hatua ya kwanza, ya pili, makalio yashaanza kushuka, na huko nyuma mmoja akaropoka, "Sasa ugali atatupikia nani?" Nikanyooka, nikarudi jikoni kwa mwiko wangu.