Raundi ya Nane

Mwaka niliokuwa kidato cha pili, baba yangu na kaka yangu hawakuwa wakizungumza, ila ndani ya daftari langu. Humo mabingwa wawili wa uzito wa juu walikuwa wanapigana, watu ambao ulingoni wasingekutana kamwe, maana wa baba alikuwa ameshastaafu wa kaka akiwa bado mtoto wa kutambaa.

Mchezo wenyewe ulianza zamani, tukiishi watatu katika chumba kimoja Kabiro, Kawangware. Mama alikuwa nyumbani magharibi, akilima. Baba alikuwa seremala, na akiwa anapiga randa alituuliza, "Haya, yule wa enzi za kaptura ndefu akikutana na huyu wa siku hizi, nani anamla mwenzake?" Mabingwa wake aliwajua kwa redio. Kaka aliwaona wa kwake kwenye kibanda cha video.

Baba alimpima bondia kama fahali. "Angalia shingo kwanza. Ngumi baadaye." Alikulia katika kijiji ambako mafahali hupiganishwa asubuhi kwa ngoma za isikuti, na sheria ya ushindi aliitoa huko. Fahali akianguka si kitu, atainuka. Aliyeshindwa ni yule anayegeuka na kutoa mgongo. Basi. Hakuna pointi, hakuna kuhesabiwa hadi kumi.

"Baba, hii ni ngumi, si ng'ombe," kaka alimwambia.

"Wewe mtoto wa lami, ng'ombe unamjua kwa paketi ya maziwa."

Nilikuwa nacheka mpaka naumwa mbavu.

Halafu siku moja kaka, akimsaidia baba kazi, alikata mguu wa kitanda ukawa mfupi. Baba akamkaripia mbele ya wateja, akamzaba kofi. Kaka akakunja ngumi, akaiinua. Hakupiga, lakini aliinua, watu wakaona. Kwetu, mwana akimwinulia baba yake mkono haingii tena kwake mpaka baba mwenyewe atamke kumwita. Kaka alikunja blanketi lake akaenda Kibera, akapanga chumba Soweto West. Baba hakutamka. Miezi ikapita, tukawa tunakula wawili, na baba hakuuliza hata mara moja kaka anakula wapi.

Mimi si mtu wa kupatanisha watu. Hata darasani nikijua jibu naangalia vidole vyangu. Nilichoweza ni kuandika. Jumamosi moja nilimwambia baba kwamba nina pambano la raundi kumi na mbili, bingwa wake na wa kaka. Aliendelea kupiga msasa muda mrefu, nikadhani amekasirika. Kisha akasema, "Andika. Raundi ya kwanza, wangu anampima tu."

Kesho yake, baada ya kanisa, nilitembea na daftari hadi Kibera. Kaka alisoma mara mbili. "Buda amesema hii? Haki ya Mungu?" Akachukua kalamu, akaandika ya pili. Ikawa hivyo kila wiki, baba raundi moja, kaka inayofuata. Kwenye ya tano baba alianza kukohoa. Ya saba alinitajia akiwa kitandani, akipumzika kila baada ya sentensi.

"Anaumwa sana," nilimwambia kaka.

"Ameniita?"

"Bado."

"Basi siwezi, siste. Unajua vile iko."

Siku hiyo aliandika raundi ya nane akiwa amenipa bega nisione. Niliisoma njiani, nimesimama kando ya reli. "Mzee ameanguka. Refa anahesabu. Wangu hangoji hesabu. Anageuka, anampa mgongo, anaenda zake."

Niliona dharau tupu. Baba yuko kitandani, na huyu anamwangusha halafu anaondoka kama amekanyaga takataka! Nilibana ile karatasi na inayofuata kwa gundi ya baba ya mbao, nikaandika raundi ya nane yangu mwenyewe. Humo mabingwa walikumbatiana hadi kengele ikalia.

Baba alisikiliza akiwa amefumba macho. "Huyo si kaka yako," alisema. "Yule hajakumbatia mtu tangu aachishwe ziwa." Hakuendelea, pumzi hazikutosha.

Jumapili mbili zilizofuata nilienda bila daftari, na kaka aliniuliza, "Ameisoma? Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Akasema?"

"Hakusema kitu."

Niliona uso wake ukishuka na bado sikuelewa. Haya nayaandika kwa sababu hakuna niliyewahi kumwambia.

Alhamisi, nilipotoka shule, baba alisema, "Nisomee ile ya kweli." Nikabandua karatasi, ikachanika pembeni. Nikasoma bila kuinua kichwa.

"Rudia. Nani amegeuka?"

"Wake."

"Amempa nani mgongo?"

"Wako."

Baba alicheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika, nikamshikia kikombe cha maji. "Mama," alisema, maana ndivyo alivyoniita, "huyo mtoto wa lami ametumia sheria ya nyumbani. Ameshindwa kwa hiari yake. Mwambie aje."

"Niende sasa?"

"Giza linaingia. Kesho ukitoka shule."

Asubuhi nilipompelekea chai, mkono wake ulikuwa umepoa.

Nilimwachia mama jirani chumba nikaenda Kibera na yunifomu ya shule. Kaka alikuwa mlangoni, ananawa uso kwenye karai. Akaniona si Jumapili, akasimama.

"Baba amesema uje," nikasema. Nililopanga kusema lilikuwa jingine.

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Alicheka?"

"Alicheka mpaka akakohoa."

Kaka alirusha maji ya karai nje, akaingia ndani akaanza kupekua nguo. "Usiniangalie hivyo, siste. Siwezi kuingia kwa mzee na hii ya vumbi." Akapata shati jeupe, akalinusa kwapani, akalikung'uta. Alikuwa anapiga mluzi. Neno la pili, la ule mkono uliopoa, lilikuwa limenijaa mdomoni, na kwa mara moja maishani kunyamaza kwangu hakukuwa kwa aibu. Nilimwacha kwanza afunge vifungo vyote.