Panya Wote

Sikiliza kwa utulivu, ndugu yangu, nikueleze taratibu, maana hofu hii haielezeki kwa haraka.

Nilikuwa mhudumu wa panya katika maabara ya chuo. Tulikuwa tukijaribu mizizi ya kushusha presha, ile inayochimbwa milima ya Ileje. Vizimba vyote vilikuwa vya madume. Majike, tulifundishwa, homoni zao hupanda na kushuka, zikavuruga matokeo. Ila panya akiwa mdogo, kumtambua dume na jike ni kazi: unampindua, unatazama chini ya mkia, na bado unakosea. Mmoja tuliyemdhania dume alipewa kipimo sawa na wenzake. Akalegea, akatetemeka, akapoa. Kumpindua, kumbe jike.

“Mtoe huyo, hakutakiwa humu,” msimamizi akasema. Akatolewa, hata kwenye hesabu. Taarifa ikaandikwa: panya wote walivumilia dawa.

Litazame neno hilo. Panya ni panya tu. Halikuambii kama ni dume au jike. Msomaji angejuaje?

Likizo nikaenda nyumbani Mbozi. Nikamkuta dada yangu uani akigeuza kahawa mkekani, kando yake kikombe kitupu. Harufu ya mizizi ile niliitambua kabla sijasalimia.

“Dada, umekunywa nini?”

“Dawa ya presha. Muuzaji wa sokoni Vwawa anasema wataalamu wenu wameshaipima, panya wote wazima.”

“Walikuwa madume matupu, dada.”

“Kwani mimi panya?” Akacheka. “Umesoma we, mpaka unanitafuta mkia!”

Kicheko hakikufika mwisho. Alipapasa pa kujishikiza, hakupaona, akakaa juu ya kahawa. Nikamshika mikono, ilikuwa ya baridi. Machoni pangu nikamwona yule jike.

Hospitalini daktari akaniuliza, “Kwa mwanamke, kipimo salama ni kipi?”

“Hakijulikani.”

Kulitamka jibu hilo kulinitisha kuliko ile baridi ya mikono. Panya mmoja si ushahidi. Huenda aliugua kwa sababu nyingine. Lakini tulimtoa, badala ya kuwaweka majike wengi tukajua.

Dada aliwekewa dripu. Presha, iliyokuwa imeshuka mno, ikapanda polepole hadi kawaida, na jioni akaomba uji. Nikamlisha mwenyewe kwa kijiko.

Nawe ukiambiwa dawa imejaribiwa kwa wanyama, usiinywe kwanza. Uliza: walikuwa madume tu, au na majike?