Shavu Moja, Picha Kumi

Mtaani walimwita Bi Brashi. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi askari wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole gumba, kisha kuwapiga picha ili wateja wa mbali waone wanachoagiza. Kwenye picha ndipo wengi huharibu. Wanawasha balbu ya manjano, wanaacha na dirisha wazi, koti jekundu linatoka la kahawia, na mteja anarudisha mzigo akitukana. Bi Brashi hakuwa na mchezo huo. Dirisha aliliziba kwa blanketi, taa zake mbili nyeupe akazifunika kwa karatasi laini zisitupe kivuli kikali, na kando ya kila askari aliweka kadi ya kijivu ya kupimia rangi, kamera isije ikadanganya.

Walichosifiwa zaidi askari wake ni majeraha. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza alijifunza wapi kuchora uso uliopigwa, mbona ni kama wa kweli. Alimtumia bei tu. Bafuni kwake kulikuwa na kioo.

Maana mumewe, mwalimu wa udereva, mtu wa watu, mcheshi wa kusalimia hadi watoto wa jirani, alikuwa na mkono mwepesi akishafunga mlango. Kwa miaka sita alimpiga kwa chumvi iliyozidi, kwa simu iliyochelewa kupokelewa, kwa kujibu na kwa kunyamaza. Majirani walimsifu kwa upole. Upole gani huo wa kusubiri mlango ufungwe?

Mchana mmoja alitaka kuingia chumba cha kazi, mkewe akamwomba asubiri rangi ikauke. Aliuvunja mlango kwa bega. Alifagia meza kwa mkono mmoja, kikosi kizima kikagonga ukuta, kisha akawakanyaga askari mmoja mmoja, taratibu, huku akimwangalia mkewe usoni. Bi Brashi alipoinama kumwokoa wa mwisho, mwenye koti jekundu, alishikwa nywele na kupigizwa shavu kwenye ukingo wa meza. Kwa kuwa hakulia, alipigizwa tena. Alitoka akiwa na damu puani na yule askari ndani ya ngumi, akakimbilia kwa dada yake.

Kesho yake walikwenda kituo cha polisi. Mume alikuwa ameshatangulia, shati limepigwa pasi, mkononi ana picha za askari wenye majeraha.

"Afande, kazi yake ndiyo hii," alimwambia koplo wa mapokezi. "Amejipaka."

Koplo alicheka. Bi Brashi alilisugua shavu kwa kiganja mbele yake hadi machozi yakamtoka, na koplo akasema rangi nzuri haitoki kwa mkono. Hata fomu ya kwenda hospitali alimnyima, akamwambia arudi nyumbani wakayamalize. Kurudi kule, Bi Brashi alijua, ni kwenda kuuawa.

Dada yake alitaka kuchukua mchi wa kutwangia akamvunje shemeji magoti. Bi Brashi naye damu ilimchemka. Alitamani kuusikia mfupa ukilia. Badala yake alimtuma dada akamchukulie kamera, taa na kadi wakati mume yuko kazini. Katika stoo ya dada waliziba dirisha. Kwa siku kumi, kila asubuhi, alikaa kwenye kiti kilekile, taa mahali palepale, kadi ya kijivu chini ya kidevu na askari wa koti jekundu ubavuni mwa shavu. Dada ndiye aliyebonyeza.

Siku ya kumi na moja walizisafisha picha zote wakampelekea mkuu wa kituo, mama mmoja asiye na maneno mengi. Aliagiza mume aitwe. Mume alikuja na tabasamu lake, akarudia maneno yaleyale.

Mkuu alizipanga picha mezani. "Huyu mwenye koti ni rangi," alisema. "Picha zote kumi, hajabadilika." Kisha akapitisha kidole kwenye shavu, picha hadi picha: jekundu, zambarau, kijani, manjano. "Na hii nayo ni rangi ya duka gani?"

Tabasamu la mume lilifutika. Alimgeukia mkewe, na mkono ukaenda wenyewe kwenye nywele zake, kwa mazoea, mbele ya mkuu wa kituo. Kichwa cha Bi Brashi kilikuwa kimeshaelekezwa mezani polisi wawili walipomrukia mume, wakamwangusha chini na kumfunga pingu huku akipiga mateke.

Aliyetakiwa kuandika maelezo ni yule koplo aliyecheka. Bi Brashi aliketi mbele yake, nywele zimetimka, akamtajia kila siku na rangi yake. Kwenye zambarau koplo alisita, kalamu ikabaki hewani.

"Andika," Bi Brashi akamwambia.