Nani Amemhamisha Mwalimu Vitendo?

Mwalimu Vitendo alikuwa mwoga, wala hakuficha kuwa mwoga. Alimwogopa mbwa wa jirani, aliogopa radi, aliogopa mlango unaogongwa na mtu asiyejitaja. Akisimama mbele ya darasa lake la Kiingereza tu ndipo woga ulipomwacha, na usiniulize ulikuwa ukienda wapi.

Jina la Vitendo alipewa na walimu wenzake kwa kumcheka. Utotoni alikariri Kiingereza kama kasuku, akijibu bila kujua anajibu nini. Ukubwani akapelekwa semina, na huko mkufunzi akawaambia kwamba kila sentensi ni picha ya jambo la duniani: yupo anayetenda, yupo anayehisi, yupo anayesema, na kipo kilichopo tu, hakimsumbui mtu. Wenzake walikuwa wakiwaza chai. Yeye alirudi na neno lile kichwani, akaligeuza mchezo. Kwake sentensi haikuandikwa kabla ya kuigizwa. Ikiwa ya kutenda, mtendaji alisimama akatenda kweli, na mtendwa akatendwa kweli. Ikiwa ya kuona, kupenda au kuogopa, mwenye moyo wake aliketi kitini, mkono kifuani, na kile anachokipenda au kukiogopa kikasimama pembeni bila kumgusa. Ikiwa ya kusema huyu ni nani, wawili walishika kamba moja, huku na huku. Makelele yalikuwa hayasemeki, lakini watoto walikijua Kiingereza.

Nyuma ya shule alipanga chumba, akikaa na mama yake aliyepooza. Kila mapumziko alikimbia kumgeuza ubavu, asije akaota vidonda, kisha akarudi akihema. Basi siku mwalimu mkuu alipomwita pembeni na kumwambia, "Dada yangu, mkaguzi anakuja leo. Walimu wenye fujo wanahamishwa. Fundisha kama wenzako, nakuomba," maskini aliona giza. Angehamishwa, nani angemgeuza mama?

Akaingia darasani. Akaandika ubaoni kimya kimya, chaki ikimponyoka, na watoto wakanakili kana kwamba wamemwagiwa maji. Mkaguzi, mtu mnene mwenye koti la kahawia, aliketi nyuma amekunja mikono. Baada ya muda akapiga mwayo usio na adabu.

"Mwalimu, nimesikia hapa kuna mchezo," alisema. "Huo ndio nilioufuata."

"Ni upuuzi tu, mzee. Nimeshauacha."

"Hujauacha. Haya, sentensi nawapa mimi." Akaitoa kwa Kiingereza, huku akitabasamu: mwalimu anamwogopa mkaguzi.

Darasa likalipuka. Kabla hajawahi kusema "kaeni," walishamkokota mwalimu wao, wakamkalisha kitini na kumwekea mkono kifuani, ambako moyo ulikuwa ukitwanga kweli. Mkaguzi naye wakamvuta, wakamsimamisha dirishani.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Usifanye kitu, mzee," alimjibu msichana mwenye pengo, wa dawati la mbele, kwa ukali wa mama mkwe. "Kuogopwa si kazi. Kazi yote anaifanya mwalimu."

Mkaguzi akacheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Akamwashiria mwalimu watoke barazani.

"Sikupenda kukwambia mbele yao," alisema huku akitazama viatu vyake. "Mwalimu, umehamishwa. Muhula ujao unahamia mbali kidogo."

"Nimehamishwa na nani?"

"Umehamishwa tu. Mambo haya huamuliwa."

Akashika ukuta. Angekwenda kumlilia nani? Mwalimu mkuu angesema limetoka juu, na walio juu wangesema limetoka chini, na mama angeendelea kulala ubavu uleule. Hofu iliyomshika pale haikuwa ya mbwa wala ya radi. Lakini mwoga naye akibanwa ukutani ana lake. Alirudi darasani, mkaguzi akimfuata nyuma, akatoa sentensi yake mwenyewe: mwalimu amehamishwa.

Safari hii hakuna aliyeshangilia. Mwalimu akasimama mwenyewe mahali pa mtendwa, mikono ikining'inia, nao wakamsubiri mtendaji. Hakutokea mtu. Mwenye pengo akageuka huku na huku.

"Mwalimu, anayehamisha yuko wapi? Hatuwezi kuigiza."

"Sijui, mwanangu."

"Basi ni uongo. Mtu hahamishwi na upepo."

Mtoto mmoja wa nyuma akaanza kulia, na kilio kikataka kuambukiza darasa zima. Macho yote yakamwendea mkaguzi.

"Mimi nimetumwa tu," alisema.

"Aliyekutuma aje basi asimame hapa," akasema mwenye pengo. "Tunamsubiri."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Mwishowe akatembea hadi mbele, akasimama mkabala na mwalimu.

"Ni mimi," alisema. "Nilikupendekeza mimi, hata sijafika hapa, kwa maneno ya kuambiwa."

Mwalimu Vitendo alitetemeka kuliko alivyowahi kutetemeka maishani, kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kumwomba, na mtu anaweza kukataa.

"Usinihamishe," alisema. "Mama yangu hawezi kujigeuza kitandani. Nikiondoka, vidonda vitamuua. Nakuomba, baba, usinihamishe."

Mkaguzi alikuwa ameshamshika mkono, kama mchezo unavyotaka, tayari kumtoa mlangoni. Akautazama mkono ule, wenye vumbi la chaki, jinsi ulivyokuwa ukitikisika ndani ya wake.

"Kaeni chini, watoto," alisema kwa sauti ndogo. "Sentensi hii siitendi."

Akauachia, na mwalimu akabaki ameunyoosha vilevile, hajaamini bado kwamba hakuna anayemvuta.