Tanki Lilijaa

Watu wakiliona Ziwa Kivu hawaamini kwamba sisi wa mlimani Gisenyi tulikosa maji ya kunywa. Basi waniulize mimi. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa ofisi ya maji, nimerudi kutoka Tanzania na cheti changu cha kompyuta, na shefu, mkubwa wangu wa kazi, akanipa programu mbili nizilinganishe: ipi itagawa vizuri maji ya tanki la mji.

Nilipoijaribu kwenye kompyuta, ya kwanza iligawia wote mchana, na tanki likakaribia kukauka. Ya pili iliwapa mchana wenye nyumba za kando ya ziwa, sisi wa mlimani tukangoja jua lizame. Kwenye skrini tanki halikukauka hata mara moja. Shefu akachekelea.

"Shefu, jioni hakuna ruhusa ya kutoka," nikamwambia. "Barabara ni ya askari. Nani atakwenda bombani?" Maana kule juu mtaa mzima tulichota kwenye bomba moja, pale njia panda.

"Usalama si kazi yetu. Donc, basi, tunaanza na ya pili."

Jamani! Nilitamani kuipiga teke ile mashine. Nyumbani mtoto wetu mchanga alikuwa anaharisha. Jua likizama tunajifungia, maji ndiyo yanafika bombani. Asubuhi nikienda na jerikani, bomba kavu. Nyumba za chini zilishachoka kuombwa, mageti yamefungwa. Ofisini tulikatazwa kutoka na hata chupa, tusije tukaonekana tunajipendelea. Maji ya ziwa, hata yakichemshwa, mke wangu hakutaka kuyasikia. Ni mzaliwa wa Goma, kipindupindu alikiona kwa macho yake.

Nikarudi kwa shefu, nikamsihi. Akanivuta mkono mpaka kwenye tanki. "Tazama! Limejaa pomoni, kama kompyuta ilivyosema. Kaandike ripoti, ya pili imeshinda."

"Limejaa kwa sababu hakuna anayechota!"

"Sasa wewe unabishana na tanki?"

Nilipanda mlima kwa hasira. Mke wangu alikuwa kitandani, mtoto kifuani, midomo yake midogo imekauka, halii tena.

"Papa wa mutoto," akaniuliza, "ile tanki yenu iko na maji?"

"Limejaa."

Akamgeuza mtoto, akanielekezea kile kiuso chake.

"Bon. Umuambie yeye."