Unyoya wa Kuku wa Nyamoita

Nyamoita wa Itumbe alikuwa mjane, mchuma chai, Msabato wa kiti cha mbele, na hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata uji akikupa, kwanza aliuonja mbele ya macho yako, kama wazee wetu walivyofanya, uone hauna kitu. Nawe ukimpa chochote, alingoja uonje.

Binti yake Gesare alipatwa na surua akiwa mdogo, masikio yakaziba. Wakatunga ishara zao: mvua, ng'ombe, marehemu baba. Mwaka wa sabini na moja chifu mdogo akamsihi mama huyo ampeleke mtoto shule ya bweni ya viziwi. Akampeleka, shingo upande.

Huko mikono ilikatazwa. Mtoto aliikalia, aseme kwa mdomo. Siku ya wazazi Nyamoita alichungulia dirishani, akamwona Mwalimu Esnah, mwanamke wa Suneka, amemshikisha Gesare koo lake yeye mwalimu na kumwekea mtoto unyoya mbele ya midomo. Kwetu sisi, mgeni akimfanyia mtoto wako hivyo, unafikiri nini tena? Akamchukua mtoto siku hiyo hiyo. Kilima kizima kikasikia kuna omorogi anafundisha watoto uchawi.

Mwalimu Esnah akawafuata. Naye alikuja na shaka zake, kwamba mama anamzoeza mtoto ishara ili abaki nyumbani kuchuma chai. Aliwakuta shambani, ukungu umeshuka. Akamwita Gesare kwa mdomo, akiutanua vizuri. Mtoto hata hakugeuka. Nyamoita, mistari kadhaa mbali, akainua mkono na kuchezesha vidole. Gesare akatua kikapu, akakimbia nyumbani.

Mwalimu akauliza amemwambia nini.

"Mvua inakuja, aanue wimbi la uji. Wewe ungemwambiaje kutoka hapo?"

Matone yakaanza, wakaingia ndani. Nyamoita akamimina uji, akaonja, akampa mgeni.

"Nimeonja, umeona," akasema. "Sasa na wewe onja huo unyoya wako."

Esnah akautoa mkobani, akauweka mbele ya midomo yake mwenyewe, akauchukua mkono wa Nyamoita na kuuweka kooni pake. Akasema pa, unyoya ukaruka. Akasema ba, koo likatetemeka. Nyamoita hakuondoa mkono. Gesare akasogea, akashika koo lake mwenyewe, akajaribu. Sauti ikatoka nzito, inakwaruza kama mlango wa zizi. Mama akautazama ule mdomo, kisha akatazama nje, kama kuna jirani aliyesikia.

Wakabishana hadi mvua ikakatika. Mwishowe Nyamoita akakubali mtoto arudi ajifunze kusema, ila nje ya darasa mikono ifunguliwe, na mwalimu mwenyewe ajifunze zile ishara, kuanzia ya mvua. Esnah akasema mkuu wa shule atakataa.

"Basi na yeye aje anywe uji."

Wakati wa kuondoka ulipofika, Nyamoita alimfukuza kuku wake uani mpaka akamkamata, akang'oa unyoya, akaufunga kwenye leso ya Gesare. Ule wa mwalimu akautia motoni, naye mwalimu akitazama.

"Usinichukie, Mwalimu," akamwambia. "Huyu kuku namjua."