Handeni hatulimi chai, sasa hii "chai ya Handeni" imetoka wapi?

Wakuu, habari za huko mliko.

Hili limenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nikiongopa, chai initoke puani. Nalileta hapa kwa sababu kichwa kimejaa na nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Mimi ni kijana wa Chanika, Handeni. Shule niliishia form four, matokeo tusiyaongelee. Ndoto yangu ni moja tu, kijiwe cha chai. Siyo kile cha chupa moja na ndoo ya maandazi. Nataka ubao mkubwa umeandikwa chai ya Dindira, chai ya Tukuyu, chai ya Mufindi, mteja achague kama anavyochagua soda.

(Msinicheke. Ndoto haitozwi ushuru.)

Sehemu niliyoitaka ni baraza la duka la Mama Nasrin, Manundu pale Korogwe. Ni mama mtu mzima, asili yake Mhindi, anauza vitambaa, na watu wanapita mbele yake kutwa nzima. Nikampa shikamoo, nikamweleza plani yangu. Akaniangalia juu ya miwani.

"Chai ni chai, mwanangu. Tofauti yake sukari tu."

"Hapana mama, kila mlima una chai yake."

"Haya. Jumamosi njoo unipikie hizo tatu. Nikizitofautisha, baraza lako. Nikishindwa, nampa fundi cherehani, ananisumbua siku nyingi."

Majani nilikuwa nayo tayari. Ya Tukuyu na Mufindi aliniletea rafiki yangu dereva wa lori. Ya Dindira alinipa shangazi yangu, anaishi huko huko mlimani na ana shamba la chai.

Nikarudi Chanika, nikapika zote tatu. Chai ya rangi, bila sukari.

Wakuu, ilikuwa chai moja! Nyeusi tii, chungu, na juu utando kama umemwagia mafuta ya taa. Nikafumba macho, mama akawa ananipa kikombe kimoja kimoja nitaje. Nikakosa vyote.

Nikajua nimepigwa. Nikaona dereva kanunua majani duka moja akagawa mifuko miwili, na shangazi naye, damu yangu kabisa, kanipa takataka. Iliniuma sana. Kesho yake nikapanda Dindira na majani yale yale, nimenuna njia nzima.

Shangazi hakubishana. Alichota maji ya chemchemi, akapika majani yangu mwenyewe mbele ya macho yangu.

Ikatoka nyekundu kama shaba, inang'aa mpaka unaona kitako cha kikombe. Harufu yake kama shamba likishanyeshewa.

"Umebadilisha, shangazi!"

"Nimebadilisha saa ngapi, na wewe umekaa hapo kama askari? Nyie watu wa tambarare mna maji ya chumvi, halafu mnatukana majani ya watu."

Nilimwomba radhi. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanijazia maji yale dumu la bluu, lita kumi.

Nyumbani nikapima tena kwa maji yale. Maajabu! Ya Dindira nyepesi mdomoni lakini harufu inabaki. Ya Tukuyu nzito, ukiitia maziwa haipotei. Ya Mufindi changamfu, inakukamata pembeni mwa ulimi. Wajuzi mtanisahihisha, huo ni ulimi wangu tu.

Maji yaliyobaki nikayatunza kwa ajili ya Jumamosi.

Jumamosi asubuhi nilikula kiporo cha maharage laini ajabu, yanayeyuka yenyewe. Nikamsifia mama, nikabeba dumu, nikaondoka naimba.

Manundu nikawasha jiko pale barazani. Yule fundi cherehani naye kaja kushuhudia, futi shingoni. Nikapika, nikamimina.

Nyeusi. Zote tatu. Na utando juu.

Jamani, nilitamani nijifiche ndani ya dumu.

Mama Nasrin akaonja cha kwanza. Akaonja cha pili. Cha tatu akakishika kwa mikono miwili.

"Hizi ni chai moja," akasema.

"Baraza langu hilo!" Fundi huyo.

"Wewe ngoja. Kijana, maji umetoa wapi?"

"Dindira mama, chemchemi kabisa."

"Muongo."

Nikaapa. Akasema, "Nimezaliwa Chanika. Baba yangu alikuwa na duka pale. Haya ni maji ya Handeni."

Nimechanganyikiwa, nikampigia mama, nikaweka spika.

"Yale ya dumu la bluu?" mama anasema bila wasiwasi. "Jana niliyamaliza kupikia maharage, yakaiva upesi sijapata kuona. Lakini nilikujazia, Bakari, mpaka juu! Mimi siachi chombo cha mtu kitupu."

Kwetu maji ni shida, wakuu. Ukichota kwenye dumu la mwenzio, unarudishia. Ndiyo adabu. Sasa ningemlaumu vipi?

Fundi alicheka hadi akashika ukuta. Mama Nasrin hakucheka.

"Umeshindwa," akaniambia. "Makubaliano ni makubaliano, baraza nampa fundi."

Machozi yakaanza kunilenga. Yeye akamaliza kikombe cha tatu, akarudi kwenye cha kwanza.

"Mama yangu alikuwa akisema chai isiyo na utando ni ya wageni. Tangu afariki sijainywa hii." Akamgeukia fundi. "Cherehani yako inakaa upande huu tu. Ule mwingine wa huyu. Na wewe, kila wiki uniletee dumu la kwenu."

Basi nipo barazani sasa, fundi jirani yangu. Maji ya Dindira anateremsha shangazi kwa bodaboda, ya Chanika nakuja nayo mwenyewe. Ubao una mistari minne, wa mwisho "HANDENI".

Watu wananiuliza, "Kwani Handeni mnalima chai?" Nabaki natabasamu tu. Majani yake ni ya Dindira yale yale! Na mama yangu nikimpa ya chemchemi anasema hiyo ya mgonjwa, nimpe chai.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujamwita mtu mwizi, angalia kwanza maji yako. Dereva nimeshamwomba radhi, ingawa hakujua kama nilimtukana.

Lakini bado sielewi. Ladha ya chai ni ya mlima, ya kisima, au ya yule aliyekupikia ukiwa mdogo? Wa Tukuyu, wa Mufindi, wa Njombe, semeni kwenu ikoje na maji yenu yakoje. Ila kama una dumu ndani, kaliangalie kwanza.